Isale Lililoota Mizizi Dukani

Dada Gaude,

Nianze na habari ambayo najua ungeiuliza kabla hata sijakaa: ng'ombe amezaa. Ndama ni jike, ana baka jeupe kwenye paji la uso, na mama yake anatoa maziwa vizuri ila anapiga teke akikamuliwa na mtu asiyemzoea. Mimi alinipiga mara moja nikakoma. Bibi Filomena, mama mkwe wako, hajambo. Anakula, anasema, anagombana na redio. Mgongo wake hauna kidonda hata kimoja. Nimeukagua mwenyewe leo asubuhi, kwa macho na kwa mkono, kama ulivyokuwa unatutaka tufanye.

Ningeanza na kukuuliza hali kama barua zote, lakini nimeona ni upuuzi kumuuliza hali mtu niliyemwona akishushwa kaburini. Basi niache hilo. Nakuandikia kwa kalamu, kwenye daftari ninaloandikia simu za wateja, na mwandiko wangu unaujua, ni kama kuku amepita. Nimekaa kwenye kigoda kati ya migomba yako hapa Uru, hatua nne kutoka kwenye msalaba wako. Ni Alhamisi, saa nne asubuhi, na mlima umejifunika mawingu. Huko chini Majengo wateja wangu wanakuta duka limefungwa na wanasema maneno yao.

Nina jambo moja la kukuambia, na nitalifikia. Unajua mimi nikiwa na kosa huwa nazunguka kwanza.

Wewe ndiye uliyenikuta kwenye benchi nje ya wodi, miaka saba iliyopita, nikilia kwa hasira. Mama yangu alikuwa ndani, upande mmoja wa mwili wake umelala, na mimi nilikuwa nimeshindwa kumgeuza. Nilimvuta bega akalia, nikamwacha nikatoka. Ulikuwa umemletea uji Bibi Filomena, naye alilazwa wodi hiyohiyo kwa kiharusi hichohicho. Hukunipa pole. Uliniuliza kama nina shuka la ziada, ukaingia nami ndani, ukalikunja, ukalipitisha chini ya mgongo wa mama, ukaniambia nishike ncha mbili huku na wewe ushike mbili kule. Mama aligeuka bila hata kuguna. Ulikuwa muuguzi mstaafu, lakini siku ile nilidhani ni mchawi.

Baada ya wiki tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye benchi lile, kila mmoja na mgonjwa wake. Wagonjwa waliporuhusiwa tukaona tutapotezana, na mimi kwa vile ni fundi simu nikafungua kundi kwenye simu, nikaliita Benchi. Tuliulizana humo namna ya kumlisha mtu asiyeweza kumeza, namna ya kumwogesha mama mzazi bila kumfedhehesha, na siku nyingine hatukuulizana kitu, tulilalamika tu. Mtu wa Tanga akafungua Benchi la Tanga, dada yake akafungua la Mombasa, mara Mbeya, mara Kigoma. Hakuna aliyeomba ruhusa. Wewe ulikataa katakata habari za mwenyekiti, ofisi na mhuri. Kila Benchi lilikuwa na watu wawili watatu wa kujibu maswali kwa kupokezana, ukasema waitwe wenye zamu, kama wauguzi wodini, na kama nyinyi watu wa Uru mnavyopeana zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka mlimani ukipita kihamba hadi kihamba, mashamba yenu ya ukoo.

Tatizo likawa wenye zamu wenyewe. Mwalimu Kassimu wa Tanga, aliyekuwa akimuuguza mkewe, alijibu maswali ya watu mchana kutwa mpaka uji wa mkewe ukaungua jikoni. Neema wa Mbeya, anayemuuguza baba yake, alijitoa kundini bila kuaga, akarudi baada ya mwezi kama mtu aliyekwenda sokoni. Tena wale wawili walikuwa hawapatani. Mwalimu aliwaruhusu wauza mitishamba waingie kwenye Benchi lake, Neema akamwambia hadharani anawapotosha watu, na kwa muda mrefu wakawa wanarushiana maneno ambayo sisi wengine tuliyasoma kama gazeti. Ukasema hawa watu wanaongoza mamia ya wenzao na hawajawahi kuonana uso kwa uso. Ukasema waje wakae kwako siku kumi.

Mimi nilidhani ni semina. Mwalimu naye alidhani ni semina, alifika na suti ya kijivu na faili kwapani, akauliza ratiba iko wapi na mgeni rasmi ni nani. Ukamwambia mgeni rasmi ni ng'ombe na hajala, ukampa panga akakate majani. Hakukuwa na bango, wala chupa za maji mezani, wala mtu wa kupiga picha. Simu zote zilikaa kwenye kapu sebuleni, isipokuwa moja ya aliye zamu. Kazi ilikuwa kuishi: kukata majani, kufua, kuzibua mfongo, kumhudumia Bibi, kumenya ndizi.

Ndizi ndizo zilizomaliza ugomvi wa Neema na Mwalimu. Wote wawili hawakujua kumenya ndizi mbichi, na wewe ukawapa kisu kimoja, beseni moja na mikungu miwili, ukaenda zako. Utomvu uliwaganda mikononi mpaka wakashindwa hata kujikuna. Nilipopita nilikuta Mwalimu amewahi kusafishwa mikono kwa mafuta, na anamshikia Neema kikombe cha chai ili anywe. Sikuwasikia wakijadili mitishamba hata siku moja. Waliporudi makwao Mwalimu aliwatoa wale wauza dawa bila kuambiwa na mtu.

Ni kwenye kambi hiyohiyo Mwalimu alipouliza ule mmea wenye majani marefu uliopandwa kuzunguka kihamba chako chote ni mmea gani. Mimi nikajifanya najua, kwa kuwa nimezaliwa Moshi. Nilijua jina tu. Nimekulia Majengo, bibi yangu alitoka Pangani na babu yangu Kondoa, na mambo ya kihamba tuliyasikia kwa mbali. Ukatueleza kwamba isale ni mpaka wa shamba, hupandwa pia penye kaburi, na ndilo analobeba mtu anayekwenda kuomba msamaha. Aliyekukosea akija na isale mkononi, hata kama amekuchomea nyumba, huwezi kumfukuza. Unalipokea na yanakwisha. Neema akauliza, je kama mtu hataki kusamehe? Ukamwambia ndiyo sababu aliyekosa lazima alilete mwenyewe, ili uone miguu yake ilivyochafuka kwa kupanda kilima.

Kambi ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza. Sina la kusema juu yake ila kwamba tulicheka sana, na kwamba mtori wako wa ndizi na nyama sijawahi kuupata mahali pengine.

Sasa nimefika.

Mwaka jana, tulipokutana kwa simu wote kumi na wanne kupanga kambi ya tatu, mimi ndiye niliyeipinga. Nilikuwa na hoja, na mpaka leo naona ilikuwa hoja: mtu anayeuguza anamwachia nani mgonjwa wake siku kumi? Nikasema tufanye yote kwa simu, kila mmoja akiwa kwake, nami nitatengeneza kila kitu. Ukanijibu kwa ule upole wako unaoudhi. "Kama Benchi la Tanga haliwezi kumshikia Mwalimu zamu siku kumi, mtu akaenda nyumbani kwake akamlisha mkewe, basi hilo si benchi, ni simu tu." Watu wakacheka, wakakubaliana nawe. Mimi nikaona nimeshindwa mbele ya watu, kwenye kundi nililolifungua kwa mikono yangu. Ndipo nikasema.

"Dada Gaude, sema ukweli. Unataka kambi kwa sababu watoto wameondoka, nyumba imekuwa kubwa na wewe una upweke."

Nilikuona kwenye kioo cha simu. Ulikuwa umejifunga kile kitambaa chako cha bluu. Uliangalia pembeni, nadhani upande wa chumba cha Bibi, ukasema, "Haya. Asante, Zuhura." Kisha kidirisha chako kikazimika.

Ningeweza kukupigia saa ileile. Nilijua kabisa nimekosa. Lakini mdomo wangu ni mwepesi kukosea na mzito kutubu, mwenyewe uliwahi kuniambia hivyo, na siku ile nikaufuata mdomo wangu.

Siku ya tatu nikapata wazo nililoliona la maana sana. Nilikuwa nimekwenda Rau kwa mteja, nikaona isale kwenye ua wa mtu, nikalipiga picha. Nilichagua mwanga. Nilisogea karibu, nikafuta hata takataka zilizoonekana kwa nyuma. Nikakutumia pamoja na maneno mawili, "Nisamehe, Dada." Nilijiona hodari, nimetimiza mila ya watu bila hata kufunga duka. Ukajibu kabla sijarudisha simu mfukoni: "Nimeliona. Ni zuri. Lakini isale halitumwi kwa simu, mdogo wangu. Njoo nalo."

Nikacheka. Nikakutumia kile kikatuni cha uso unaocheka mpaka machozi. Nikasema moyoni, Jumapili nitapanda. Jumapili ikanyesha mvua. Jumapili iliyofuata nilikuwa na simu nne za kumaliza. Ukaingia mwezi wa Ramadhani, nikasema nitakuja Iddi na sahani ya pilau, itapendeza zaidi. Kutoka Majengo mpaka kwako ni nusu saa kwa bodaboda, Dada, tena hata haifiki. Nilikuwa naogopa macho yako. Mtu akinitumia ujumbe naweza kuufikiria, nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mbele yako nisingeweza kufuta.

Ulianguka siku sita kabla ya Iddi, asubuhi, ukiwa umemaliza kumgeuza Bibi peke yako. Bibi alikuona. Aliita kwa ile sauti yake ndogo, na hakuna aliyemsikia mpaka jirani yako Mama Evance alipokuja kuchukua maziwa. Ulifika hospitali ukiwa hai, wakahangaika nawe, siku ya pili ukaondoka. Presha, walisema. Wewe uliyewapima watu presha miaka yote ile.

Mazikoni nilikuja na isale. Nilikwenda Rau kwenye ua uleule, nikamwomba mwenye nyumba akanikatia ncha yenye majani manne, nikaitia kwenye mkoba. Nilikaa na kina mama nikamenya ndizi, na mkoba wangu mapajani. Kila nikitaka kulitoa naona sina wa kumpa. Padri alisoma, watoto wako walilia, nami nikatupa udongo wangu, nikarudi Majengo na isale langu. Sikuwa na moyo wa kulitupa. Nikalisimamisha kwenye chupa ya soda yenye maji, nikaliweka kaunta kati ya chaja na vioo vya simu. Wateja wakaniuliza kama ni dawa ya biashara. Niliwaambia ndiyo, wasije wakaniuliza zaidi. Baada ya wiki kadhaa nikaona nyuzi nyeupe zinaelea chini, nikadhani limeoza. Kumbe ni mizizi.

Watoto wako walitaka kumchukua Bibi wakakae naye Dar es Salaam. Bibi akasema mumewe yuko hapa chini ya migomba, na wewe uko hapa, yeye aende Dar kutafuta nini. Prosper, mwanao mkubwa, akaja dukani kwangu. Hakuja kutengeneza simu. Alisema Mama Evance amejitolea lakini ana nyumba yake na watoto wake, hawezi peke yake, na kama hakuna njia nyingine itabidi Bibi achukuliwe tu, atake asitake. Nikamwambia asubiri, nitauliza kwenye Benchi la Moshi.

Nikaandika ujumbe mzuri. Nikaeleza Bibi yuko wapi na anahitaji nini. Watu wakaitikia kwa wingi: pole, mishumaa, viganja vilivyoungana, Mungu awatie nguvu. Hakuna aliyesema nitakuja. Nilikasirika, nikaanza kuandika maneno makali kama kawaida yangu, nikafika katikati nikasimama. Hata mimi sikuwa nimesema nitakuja.

Ndipo nikaitisha kambi. Mimi, mpinzani wako. Nikawaita wenye zamu wote waje nyumbani kwako siku kumi, na Prosper akanipa ufunguo. Nikawaomba na watu wa Benchi la Moshi wapande hata kwa siku moja, kila awezaye. Mwalimu Kassimu alifika wa kwanza, safari hii bila suti. Alituambia kwamba Benchi la Tanga limemletea wanawake watatu wa kupokezana kwa mkewe. Ni watu aliokuwa anawajibu maswali kwa miaka, mmoja anakaa mtaa wa pili kutoka kwake. Alisema walimjia mlangoni wamebeba mashuka. Siku ile nilitamani uwepo uniangalie usoni, kwa sababu hoja yako ilikuwa imenishinda mara ya pili.

Kuna kitu nadhani ulikijua na hukukisema. Tangu mama yangu afariki sikuwahi kumgusa mgonjwa. Kwenye kambi zile mbili nilikuwa mtu wa majani na mfongo, na Bibi nilimwamkia kutoka mlangoni. Na kwenye Benchi mimi ndiye niliyekuwa nawajibu watu namna ya kugeuza mgonjwa kwa shuka. Maelezo niliyaandika mara moja, nikayahifadhi, na kila akiuliza mtu nayabonyeza yanakwenda.

Siku ya kwanza ya kambi ulifika wakati wa kumgeuza Bibi, na wote wakanitazama mimi, mtaalamu. Nikaingia. Shikamoo, Bibi. Marahaba, akaitika, akaiangalia mikono yangu. Nikalikunja shuka. Nikasahau hata upande wa kuanzia. Nilimwona mama yangu pale kitandani, Dada, wazi kabisa. Neema akapita upande wa pili, akashika ncha zake, akasema taratibu, "Poa, dada, twende wote. Moja, mbili." Bibi akageuka. Chini mgongoni, karibu na kiuno, kulikuwa na alama nyekundu, mwanzo wa kidonda. Mama Evance alijitahidi kadiri ya uwezo wake, lakini mtu mmoja hatoshi. Wewe ulikuwa mtu mmoja. Sijui uliwezaje kwa miaka ile yote.

Siku ya nne nikaamua nikupelekee isale lako. Nilikuwa nimepanda nalo na chupa yake, nimelificha chini ya kitanda. Nikawa napita dirishani kwa Bibi kuja huku kaburini, akaniita. Unajua maneno yake yanavyotoka tangu augue, moja moja. Akauliza nimebeba nini. Nikaingia, nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza yote: nililokuambia mbele ya watu, ile picha, zile Jumapili. Nililia, sitakuficha.

Bibi akasema isale halipelekwi kwa aliyelala, atalipokea kwa mkono gani. Hulipokea mwenye nyumba aliyebaki. Akanyoosha mkono wake wa kushoto, ule mzima. Nikalitoa kwenye chupa nikampa, mizizi inadondosha maji shukani. Akaligeuza, akalitazama juu na chini.

"Umelichelewesha mpaka limeota mizizi," akasema.

Nikacheka huku nalia. Alisema kwa mila tungekunywa mbege, pombe ya ndizi, lakini kwa kuwa mimi sinywi tunywe maziwa mgando. Tukanywa kikombe kimoja, nikimshikia. Halafu nikamuuliza lililokuwa linanila siku zote, kama ulikufa ukiwa na hasira nami.

"Alikuwa mpweke," akasema. "Ulisema kweli. Nilikuwa namsikia anaongea na ng'ombe." Akapumzika kidogo. "Basi akawaita. Kwani nyinyi mlidhani watu wanaitana kwa sababu gani?"

Nilikutolea upweke wako mbele ya watu kama mtu anayeanika aibu ya mwenzake, na kumbe wewe hukuuficha. Ulikuwa umeupikia mtori na kuukaribishia wageni kumi na watatu.

Jioni ile, sufuria ikiwa katikati yetu, niliwasimulia wenzetu wote nilipotoka na nilipofika. Nikawaambia mimi pia ni mpweke, nina watu wengi kwenye simu kuliko wanaokaa Majengo nzima, na nakula peke yangu kaunta. Mwalimu akavua miwani akaifuta. Neema akasema, "Sasa si ungesema tu." Mwenye zamu wa Kigoma kesho yake akafunga mzigo, akasema mambo haya ni mazito kwake. Sijui kama atarudi. Sikumzuia, nilimsindikiza mpaka barabarani nikambebea begi.

Watu wa Moshi walipanda mmoja mmoja, mpaka siku ya mwisho wakawa saba pamoja nami. Mmoja ni yule baba anayeuza mkaa nyuma ya duka langu. Kwa miaka mitatu amekuwa akiniuliza kwenye Benchi habari za dada yake anayemuuguza, na mimi nikimjibu, na kila Jumamosi nikinunua mkaa kwake na kumlalamikia kwamba una vumbi. Hakuna aliyemjua mwenzake, maana kwenye Benchi anatumia jina la mtoto wake. Tulipotambuana hapa uani kwako tulicheka mpaka Bibi akauliza kuna nini.

Saba ni siku za wiki. Mwalimu akachukua boksi la sabuni, akalipasua, akaandika kwa mwandiko wake ule wa ubaoni, kila jina na siku yake. Imebandikwa mlangoni kwa Bibi. Amepata ratiba yake hatimaye. Prosper alikuja akaisoma yote, akamwambia Bibi kwamba habari za Dar zimekwisha.

Isale Bibi aliagiza lipandwe njiani, pale mtu anapoingia kihamba kutoka barabarani. Nililipanda mwenyewe na Mama Evance akanirekebisha, maana nililifukia kupita kiasi. Limetoa majani mawili mapya. Ile alama nyekundu mgongoni kwa Bibi imepotea kabisa.

Saa sita inakaribia, Dada, na saa sita Bibi anageuzwa. Muuza mkaa amepanda leo kunishikia ncha za upande wa pili, namsikia anamwamkia. Nakuahidi Alhamisi. Mvua inyeshe, simu za watu ziungue, Alhamisi ni yangu mpaka Bibi mwenyewe anichoke. Na kambi itakuwepo mwaka huu pia, hapa, na watoto wako wakikataa tutakwenda kwa Mwalimu, ameshasema wanatungojea. Nimekusomea Fatiha hapa kimoyomoyo, msalaba ukinitazama. Usiwaambie wa parokia.

Pumzika sasa. Zamu yako imeshikwa.

Ule ujumbe wako wa mwisho bado ninao kwenye simu, na sikuwahi kuujibu ila kwa kicheko. Leo nakujibu nikiwa hapa, miguu imejaa tope la Uru mpaka vifundoni, uione mwenyewe. Nilichelewa, Dada, lakini nimekuja nalo.

Mdogo wako,
Zuhura